SOMO: Madirisha kwa nyumba za Dar, tuanze na upepo, mapazia baadaye

Habari zenu wakuu. Hili nimeona tuliongee maana watu wengi wanapandisha ukuta, wakikaribia lenta (ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango) ndo wanauliza madirisha yawe saizi gani, na hapo mambo mengi yameshapita. Nyumba ikiisha inakuwa tanuri, mtu anafunga AC kila chumba na umeme unamla kila mwezi wakati upepo wa bahari upo na ni wa bure.

HATUA YA 1: Jua upepo unatokea wapi
Huku pwani tuna kusi, kuanzia kama Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, inatoka kusini mashariki. Halafu kaskazi, kama Desemba mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki. Angalia vizuri hapo, zote mbili zinakuja na upande wa mashariki. Kwa hiyo sebule na vyumba vya kulala vipeleke mashariki, choo, stoo na jiko vikae magharibi. Hapo harufu na moshi vinasukumwa nje badala ya kurudishwa sebuleni, na lile jua kali la saa tisa alasiri mpaka linapozama linapiga ukuta wa stoo, sio ukuta wa kitanda chako. Kuna watu wanageuzia sebule barabarani hata kama barabara iko magharibi, eti mgeni aone sura ya nyumba. Mimi hapo sikubaliani kabisa, mgeni anakaa saa moja wewe unakaa miaka yote.

Madirisha ya kaskazini na kusini ni rahisi kuyatunza, mabati yakitokeza nje futi 2 mpaka 3 unapata kivuli cha kutosha saa za mchana. Mashariki na magharibi jua linakuja chini chini, linapita chini ya bati, huko paa halikusaidii.

HATUA YA 2: Upepo utafutie pa kutokea
Dirisha moja hata liwe kubwa vipi upepo unagonga tu na kuishia hapo. Kila chumba kiwe na madirisha mawili kwenye kuta tofauti. Kama chumba kina ukuta mmoja tu wa nje, weka matofali ya matundu au kidirisha juu ya mlango, upepo utokee koridoni.

Na urefu kutoka chini ndo sehemu inayosahaulika sana. Lenta kwa kawaida iko futi 7, sawa, lakini dirisha lianzie wapi? Kitanda na godoro lake ni kama futi 2, sasa dirisha ukilianzishia futi 4 upepo wote unapita juu yako na wewe umelala unatoka jasho. Chumbani anzia futi 2 na nusu. Choo ndo liwe juu.

HATUA YA 3: Aina
Slaidi ya aluminiamu, yaani dirisha la kusukuma pembeni, ndo fasheni ila jueni kwamba inafunguka nusu tu. Dirisha la futi 5 kwa 5 la slaidi, upepo unapita kwenye futi 2 na nusu upana, ile nusu nyingine ni kioo kimekaa. La kufungukia nje linafunguka karibu lote, ila grili lazima ikae ndani, basi mwambie fundi wa grili aache nafasi ya mkono kupita kwenye usawa wa kitasa, la sivyo utakuwa unafungua dirisha kwa mti wa fagio. Wavu wa mbu ukae kwenye fremu yake inayotoka, uoshwe.

Grili nalisema kwa msisitizo: kila chumba cha kulala dirisha moja grili yake iwe na mlango, kufuli ndani, ufunguo mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua hata watoto. Moto ukianzia koridoni hakuna njia nyingine. Jamani msipuuze hili kwa kuogopa wezi.

HATUA YA 4: Mapazia
Bomba la kuning'inizia pazia lizidi dirisha kama inchi 8 kila upande, ili ukivuta pazia likusanyike ukutani na kioo kibaki wazi. Kitambaa piga urefu wa bomba mara 2, yaani dirisha la futi 5 bomba lake linakuwa futi 6 na kidogo, kitambaa kama mita 4 upana. Mchana shia (lile pazia jepesi linalopitisha mwanga), usiku ndo lile zito.

MASWALI

Swali: Mkuu nyumba yangu imeshaisha na sebule iko magharibi, niweke vioo vya tintedi?
Jibu: Vinapunguza mwanga ila kioo chenyewe kinapata moto kinakuletea ndani. Jua lizuie likiwa bado nje, panda mwarobaini au weka chiki za mianzi (mapazia ya mianzi ya kukunja) kwenye baraza, jioni unazishusha.

Swali: Dada mimi nipo Njombe, hii ya madirisha makubwa si tutaganda?
Jibu: Kweli kabisa kaka, kwenu geuza. Juni na Julai jua linakaa upande wa kaskazini, basi dirisha la sebule liangalie huko liingize joto. Upande wa upepo weka madogo, na pazia zito lenye bitana lifike mpaka sakafuni.

Swali: Jikoni natumia gesi, dirisha lipo juu ya sinki, linatosha?
Jibu: Kwa mvuke na moshi linatosha. Ila gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, kwa hiyo toboa na tundu karibu na sakafu lenye wavu linalotokea nje.

Swali: Fundi aluminiamu nimpe vipimo vya kwenye ramani?
Jibu: Hapana dada, plasta inakula nafasi. Apime plasta ikishakauka, juu, katikati na chini, achukue kipimo kidogo. Na pale chini ya dirisha plasta iinamie nje, bila hivyo mvua za masika zitaingia ndani.