Kalibreti antena yako kwanza kabla hujatafuta haidrojeni

Wengi wakishapata risiva ya redio ya USB na kuunda antena ya pembe (ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta) kwa foili wanakimbilia kutafuta mawimbi ya haidrojeni ya angani moja kwa moja bila kukalibreti, yaani kupima kwanza vifaa vyenyewe vinaongeza nini, na ile bonge wanayoiona kwa skrini mara nyingi ni umbo la filta za risiva tu, si anga.

Haidrojeni inatoa mawimbi kwa megahezi 1420. Ile ya zamani sana, ulimwengu ukiwa bado mchanga, mawimbi yake yamevutika hadi chini ya megahezi 200 na mengine yanaangukia palepale kwa FM, 88 mpaka 108, so Nairobi hiyo sahau, ndio maana HERA, darubini ya redio inayotafuta hiyo ya zamani, ilijengwa Karoo, Afrika Kusini. Lakini haidrojeni ya galaksi yetu unaipata hata ukiwa juu ya ploti Umoja, na njia ya kukalibreti inaanzia palepale.

Washa mitambo nusu saa mapema amplifaya itulie. Zima gain ya otomatiki (risiva kujiongezea au kujipunguzia sauti yenyewe), hii tafadhali usiruke, ikibaki on hesabu zote zinaharibika. Chomoa chaja na balbu za LED zilizo karibu.

Alafu elekeza mdomo wa antena chini kwa udongo, rekodi pawa. Igeuze juu, mbali na Njia ya Maziwa na magorofa, rekodi tena. Nguvu ya kelele hapa tunaitaja kwa Kelvini, kipimo cha joto: ardhi ichukulie Kelvini 295, anga karibu 10. Gawa pawa ya ardhi kwa ya anga, hiyo ndio Y, na kama programu inakupa desibeli zibadilishe kwanza ziwe namba za kawaida. Tuseme Y ni 3: zidisha 10 ya anga kwa 3 upate 30, 295 toa 30 ni 265, gawa kwa Y toa moja, yaani 2, unapata kama Kelvini 132. Hiyo ndio kelele ya risiva yenyewe.

Sasa toa antena, funga rizista ya omu 50 kwa mdomo wa amplifaya, rekodi spektra (grafu ya pawa kwa kila masafa) dakika kadhaa, na kila spektra ya anga uigawe kwa hiyo. Bonge la filta linapotea, kinachobaki ndio cha kuangalia.

Hata wataalamu hubishana juu ya hili: mwaka 2018 timu ya EDGES, inayotafuta ile haidrojeni ya zamani, ilitangaza shimo, yaani pawa kushuka, la karibu nusu Kelvini kwa megahezi 78, mahali anga lenyewe linazidi Kelvini 1000, na 2022 SARAS 3, antena nyingine iliyoelea juu ya maji huko India, haikuliona, na ubishi mkubwa ni vile vifaa vilikalibretiwa. Kwa hivyo ukimaliza kurekodi rudia ardhi na anga, Y ikiwa imesonga tupa hiyo data uanze upya.