Soma Mchoro wa Upepo Kabla ya Kupanda Miti ya Kukinga Shamba

Mkulima wa mwambao anaujua kwa jina upepo unaolaza migomba yake, lakini anapopanda mstari wa mivinje ya kuukinga, mara nyingi huuweka pale palipobaki nafasi mpakani, hata kama upepo hautokei huko.

Mchoro wa upepo, ambao mikono yake husambaa kutoka katikati kama petali za ua, husaidia kuondoa kosa hilo. Kila mkono huelekea upande unakotoka upepo. Urefu wake huonyesha ni mara ngapi umevuma kutoka huko, na rangi za vipande vyake huonyesha kasi. Asilimia inayoandikwa katikati ni ya muda wa shwari. Anayeusoma mkono kama mshale wa upepo unakokwenda hupanda miti nyuma ya shamba.

Pwani, mchoro wa mwaka mzima pekee hautoshi, kwa kuwa kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi, ambao kwa kawaida ndio wenye nguvu zaidi, huvuma takriban Mei hadi Septemba kutoka kusini na kusini-mashariki. Omba mchoro wa miezi ambayo zao lako limo shambani.

Vituo vya hali ya hewa hupima upepo kwenye mlingoti wa mita 10, mahali pa wazi, ilhali shamba lako huenda liko nyuma ya kilima au minazi. Kwa hiyo simika nguzo ya mita 2, uifunge utepe wa plastiki juu, na kila siku saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri uandike daftarini upepo unatoka wapi na kama utepe unaning'inia, unapepea au umenyooka. Baada ya siku 30 utakuwa na alama 90. Chora mistari minane ya dira kutoka katikati, kila mmoja urefu wa milimita moja kwa kila alama ya upande wake.

Panda miti ikatize mkono mrefu. Mivinje ya mita 8 hukinga vizuri takriban mita 80 upande upepo unakoelekea, mradi isizibane kama ukuta, kwani upepo ukizuiwa kabisa huruka juu na kuangukia mimea kwa misukosuko.

Daftari hilohilo litakuonyesha saa ya kunyunyizia dawa, ambayo kwa kawaida ni asubuhi, kabla upepo wa bahari haujashika. Hata hivyo, utepe ukining'inia kabisa usinyunyizie, kwa sababu matone madogo huweza kuelea hewani na kuhamia kwa jirani. Subiri uanze kupepea kidogo.