Viporo vya kazi za mikono: jinsi ya kukaa navyo siku moja

Kama unafuma, unadarizi au unatunga mashairi, basi najua kwako kuna begi la shangazi kaja juu ya kabati, ndani yake nusu sweta, kitambaa cha meza kilichoishia katikati na daftari lenye beti mbili mbili. Mi nafuma kwa kroshia na natunga kidogo, na kila Desemba shughuli zikipungua natenga siku moja nzima ya hilo begi. Nafanya hivi.

Tandika mkeka utoe vyote. Simu nayo fungua zile sauti ulizojirekodi usiku, maana mashairi mengi yanalala humo. Usipange kitu bado, tazama tu.

Alafu anza na ulivyomaliza, tafadhali usiruke hapa. Vingi havipo tena nyumbani, umegawa, kwa hiyo andika kwenye daftari: nini, nilimpa nani, kilichukua siku ngapi, nini kilinisukuma. Nilipoandika hivo miaka mitatu mfululizo nikagundua karibu kila nilichomaliza kilikuwa na mtu na tarehe, kofia ya mtoto wa wifi, shali ya mama kabla ya baridi ya Juni, shairi la harusi. Vile vya "nafuma tu ntaona mbele" ndo vilivyojaa begi. Toka hapo sishiki sindano kabla sijajua cha nani na cha lini.

Sasa viporo. Kimoja kimoja kishike mkononi ujiulize kilisimama wapi na kwa nini, na usijijibu "uvivu" ukaishia hapo. Mara nyingi ni uzi umeisha. Hapo angalia karatasi iliyofungia bunda la uzi kama unayo, mbali na namba ya rangi kuna namba ya loti, maana rangi ileile ikipikwa mara nyingine inatoka tofauti kidogo na kwenye kitambaa kikubwa mstari utaonekana. Ukikosa loti ile weka rangi nyingine kabisa, ionekane umekusudia. Mara nyingine ulikwama kwa kutojua, mfano kuunga mkono wa sweta, hicho mpelekee mtu anayejua wiki hiyohiyo, usikirudishe begini.

Na kuna kile ambacho hamu imeisha. Hicho fumua. Najua inauma, mi mara ya kwanza nilikaa na kitambaa mapajani jioni nzima, lakini uzi ule ni mzima, unasubiri kazi nyingine. Tafuta ncha ya mwisho uliyofungia, vuta taratibu huku unazungushia mgongo wa kiti, ukimaliza funga sehemu nne kwa vipande vya uzi usije ukajisokota, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kamua bila kusokota, anika kivulini. Yale mawimbi yatanyooka, usikunje bunda kabla haujakauka vizuri. Uzi wenye manyoya mengi hauachii kirahisi, huo usiuvute kwa nguvu utakatika.

Shairi halifumuliwi hivo ila linafanana. Ubeti wa kawaida una mishororo minne, mizani (yaani silabi) kumi na sita kila mmoja, nane kwa nane, na ukichunguza viporo vingi vimekwama kwenye vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, ulianza na "pya" ukakuta maneno yenyewe ya kuhesabu. Chukua wazo, hamishia kwenye "ka" au "ni" yaliko maneno tele. Na ukiona kilicho hai ni kibwagizo peke yake, ule mshororo unaorudiwa kila ubeti, kinakili ukurasa mpya, beti zingine ziache zilale.

Kinachobaki kuendelea kibandike karatasi na pini: sindano namba ngapi, umefika mstari wa ngapi, kinachofuata nini, cha nani. Mi naruhusu vitatu tu, hapo nakuwa mkali, zaidi ya hapo mkono unatangatanga na hakuna kinachotoka.

Kuna kitu kimoja hiki utaratibu haukigusi. Bibi yangu aliacha kitambaa cha kochi, mistari kumi na moja, sindano bado imo kwenye kitanzi cha mwisho. Nakitoa kila mwaka na vingine, nakianika kwenye hewa kidogo, nabadilisha karafuu kwenye mfuko wake wadudu wasikiingie, nakirudisha na sindano yake vilevile.