Jinsi ya kusimamia ruzuku ya shirika la watoto transijenda bila kuwaanika watoto

Kabla hujasaini mkataba wa ruzuku, amua fedha zako zinalipia kazi ipi hasa. Nchini Uingereza shirika moja la aina hii, la kusaidia watoto wanaojihisi kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, linaweza kuendesha simu ya msaada, vikundi vya wazazi, jukwaa la vijana mtandaoni, mafunzo ya walimu na utetezi wa sera, na kila kazi ina hatari zake. Mkataba ulioandikwa "kusaidia familia" hausimamiki, maana chochote watakachofanya kitakuwa ndani yake. Andika: simu ya msaada, saa kadhaa kwa wiki, wahudumu kadhaa, msimamizi wao ni nani na nani anashika nafasi yake akiwa likizo.

Sera ya ulinzi wa mtoto utaletewa, na huenda ikapendeza. Usiishie hapo, kwa kuwa sera nyingi zimenakiliwa. Mchukue afisa wa ulinzi wa mtoto peke yake, kisha mhudumu wa simu peke yake, uwaulize jambo lile lile: mtoto wa miaka 14 amepiga simu saa mbili usiku, amesema amejiumiza, na nyumbani hawajui kwamba anawasiliana nanyi. Unamjulisha nani? Ndani ya muda gani? Unaandika wapi? Majibu yakipishana, sera ni karatasi tu. Hapo usiwanyime ruzuku moja kwa moja; weka sharti la mafunzo kabla ya awamu ya kwanza ya malipo. Kwa wanaofanya kazi moja kwa moja na watoto, ona rejista ya ukaguzi wa DBS (ukaguzi wa rekodi za uhalifu) wa ngazi ya juu ikiwa na tarehe. Nakala za vyeti huzihitaji.

Mpaka kati ya msaada na tiba unahitaji jicho kali. Shirika la hisani linaweza kumsikiliza mtoto, kuketi na wazazi na kuwaelekeza kwa daktari. Kushauri dawa si kazi yake. Soma mwongozo wa wahudumu wa simu mstari kwa mstari, kisha linganisha na tovuti. Tovuti ndiyo husahaulika: ukurasa wa zamani hubaki hewani ukieleza tiba kwa namna isiyolingana tena na utaratibu wa huduma ya afya ya taifa, hasa baada ya ripoti ya Cass ya Aprili 2024, iliyotathmini huduma za jinsia kwa watoto na vijana nchini England. Uliza pia kuhusu bidhaa. Vazi la kubana kifua ili matiti yasionekane lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa na Tume ya Mashirika ya Hisani ya England na Wales ilipolichunguza Mermaids, shirika la Uingereza linalosaidia watoto transijenda. Ripoti yake ya Oktoba 2024 ilikuta usimamizi mbaya, ila haikukuta utovu wa maadili. Usichanganye mambo hayo mawili katika barua zako kwa umma.

Sasa faragha, ambako mfadhili mwenyewe anaweza kuwa ndiye hatari. Mwaka 2021 ofisi ya Kamishna wa Habari, inayosimamia ulinzi wa data Uingereza, ililitoza shirika hilo hilo la Mermaids faini ya pauni 25,000. Chanzo kilikuwa kikundi cha barua pepe kilichoanzishwa 2016 kwa mipangilio isiyo salama. Kurasa zipatazo 780 za barua za siri, zenye taarifa za watu 550, zikawa zinaonekana mtandaoni. Kikundi kilikuwa kimeshaachwa kutumika, ila hakikufungwa. Kwa hiyo usiulize tu "data yenu iko salama?" Omba orodha ya kila mfumo uliowahi kutumika, na iliyostaafishwa imo, yenye jina la mwenye nywila na tarehe ya kufungwa.

Nawe usiombe majina. Kwenye ziara ya ukaguzi chagua mafaili 8 kwa namba kutoka kwenye rejista. Shirika lifute majina, shule na mtaa, nawe usome palepale ofisini bila kuondoka na nakala. Unatafuta kama hatua zilichukuliwa kwa wakati na nani alizithibitisha. Katika ripoti za robo mwaka, idadi iliyo chini ya 5 iandikwe "chini ya 5". Lakini tazama mtego: ripoti ikisema watoto 23 wamehudumiwa, 11 mji wa kwanza, 9 wa pili, na "chini ya 5" wa tatu, yeyote anayejua kutoa atapata 3. Unganisha mji wa tatu na mmoja wa ile mingine, au usiandike jumla. Mji mdogo wenye watoto watatu una majirani wanaoweza kuwajua.

Malalamiko yatakuja, mara nyingine mamia kwa siku moja. Yapange mafungu mawili siku hiyo hiyo: yanayosema mtoto fulani amedhurika au yuko hatarini, na yanayopinga kazi yenyewe. La kwanza, hata likiwa moja tu, lifikishwe kwa afisa wa ulinzi wa mtoto na mamlaka husika ndani ya saa 24. La pili lijibiwe kwa barua moja. Wingi wake si ushahidi. Mwishoni mwa 2018 mfuko wa National Lottery Community Fund, unaogawa fedha za bahati nasibu ya taifa, uliweka ruzuku ya pauni 500,000 kwa Mermaids kwenye mapitio baada ya kelele za umma, kisha Februari 2019 ukaamua kuendelea. Ukifanya mapitio, tangaza unachokagua na tarehe ya kumaliza. Mapitio yasiyo na mwisho hugeuka adhabu.

Mkataba ueleze pia namna ya kusitisha. Malipo ya robo mwaka hukupa nafasi ya kusimama bila kudai fedha zilizokwisha kutumika. Ukilazimika kuacha, lipia simu ya msaada miezi mitatu zaidi, na shirika likuonyeshe kila familia yenye faili wazi imekabidhiwa wapi, kwa namba za faili.