Uraia wa "jamii huru": namna ya kuipima hati yake kabla hujalipa

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wa Kwale na Mombasa kujaza fomu za vitambulisho. Mara kwa mara mtu hunionyesha simu na kuuliza: hii nchi mpya inayojiita "jamii huru" na kutoa uraia mtandaoni, pasipoti yake itanifikisha? Naliheshimu swali hilo. Aliyezungushwa maofisini miaka mingi akiambiwa si wa hapa, tangazo la "karibu, hatuulizi umezaliwa wapi" humwingia moyoni. Kabla hujatuma pesa au picha ya uso wako, fanya haya.

1. Mjue anayetoa hati. Sealand ni ngome ya vita baharini, karibu na pwani ya Suffolk, Uingereza. Roy Bates aliitangaza kuwa nchi mwaka 1967. Liberland ilitangazwa Aprili 2015 na Vít Jedlička, raia wa Czech, kwenye kipande cha kilomita za mraba kama 7 kando ya mto Danube, kati ya Croatia na Serbia. Pasipoti ya Dunia, hati inayomwita mwenye nayo raia wa dunia, haina ardhi kabisa. Hutolewa na World Service Authority, shirika lililoanzishwa na Garry Davis, rubani wa zamani wa ndege za kivita za Marekani.

2. Uliza: nikifukuzwa, nani atanipokea? Hapa ndipo penye uzito wote. Pasipoti ni ahadi ya nchi kwamba mwenye hati hii ni wetu, mkimkataa mrudisheni kwetu. Liberland haiwezi kutoa ahadi hiyo, kwa sababu polisi wa Croatia wamekuwa wakiwazuia hata raia wake wasikae pale. Sealand haina pa kupokea abiria. Afisa wa mpakani analijua hilo, na asipoona pa kukurudisha, hakuruhusu uingie. Rangi ya jalada na ubora wa uchapaji havibadilishi kitu.

3. Usiridhike na orodha ya "nchi zinazotambua". Wanaotoa Pasipoti ya Dunia huzitaja Tanzania, Zambia na Togo miongoni mwa nchi zilizowahi kuikubali, tena wanaonyesha mihuri. Lakini muhuri unaweza kupigwa na afisa mmoja siku moja, na wa zamu inayofuata akakukatalia. Umoja wa Ulaya una orodha yake ya pasipoti za kubuni. Mwanamuziki Yasiin Bey, aliyejulikana kama Mos Def, alikamatwa Cape Town Januari 2016 akitaka kusafiri kwa Pasipoti ya Dunia, na hakuondoka Afrika Kusini hadi Novemba. Huyo ana jina na mawakili.

Kwa hiyo uliza ubalozi wa nchi unayokwenda, kwa maandishi: mnaweka viza katika hati hii? Kisha liulize shirika la ndege. Jibu la muuzaji usilihesabu.

4. Usiukane uraia ulio nao. Davis aliukana wa Marekani mjini Paris mwaka 1948 kwa imani ya dhati kwamba vita vitakwisha watu wakiwa raia wa dunia. Namheshimu kwa hilo, lakini gharama yake ilikuwa kukamatwa na kufungwa mara nyingi mipakani. Ukipenda wazo la jamii huru, jiunge nalo na ukae na kitambulisho chako.

5. Linda taarifa zako. Usitume nakala ya kitambulisho halisi wala alama za vidole kwa watu ambao hujui utawashtaki mahakama gani.

6. Kama huna hati yoyote, anzia nyumbani. Wamakonde waliletwa Kwale kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, na vizazi vyao vikaishi Kenya bila vitambulisho. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, na serikali ikaanza kuwaandikisha. Baadaye Washona na Wapemba, jamii zilizokuwa na shida hiyo hiyo, nao wakatambuliwa.

Kusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha madrasa, matokeo ya shule, vitambulisho vya wazazi kama vipo, na barua ya chifu. Tafuta wazee wanaoweza kueleza ulizaliwa kwa nani. Toa nakala za kila karatasi, na kila unapowasilisha ombi, dai risiti yenye tarehe. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, maana bila karatasi hiyo wakili hana pa kuanzia.