Ua la Usambara: maji yapitie chini

Wenye ua la Usambara (Saintpaulia) kibarazani, acheni kulimwagia maji kwa juu. Majani yake yana malaika, maji ya baridi yakituama pale yanaacha mabaka ya kahawia yasiyofutika. Na kitovu, pale katikati majani yanapochipukia, kikilowa, mmea unaoza.

Weka kopo lenye matundu ndani ya kisahani cha maji yaliyolala ndooni usiku kucha. Baada ya nusu saa gusa udongo juu: ukiwa na unyevu, mwaga yaliyobaki. Usirudie mpaka ukauke kidogo.

Kwao, milima ya Usambara, linaota kwenye nyufa za miamba chini ya kivuli cha msitu, udongo kiganja tu. Ndiyo maana kopo kubwa halilifai, wala jua la saa sita. Dirisha la mashariki linatosha. Changanya mboji ya majani na mchanga wa chenga; udongo wa mfinyanzi peke yake ni kaburi.

Kuzidisha ni rahisi mno. Kata jani zima na kikonyo cha kama sentimita 3, lichomeke kwa mshazari, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa. Vichipukizi huchukua miezi miwili hivi, kwa hiyo usilifukue kila Jumapili kuchungulia (nimelifanya hilo, najua).

La msituni liache huko huko, limeshapungua. Omba jani kwa jirani.