Kumtunza Mjusi Chui Mweusi Nyumbani Dar es Salaam

Maelekezo mengi kuhusu ufugaji wa mjusi chui (leopard gecko) yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shughuli yao kubwa ni kumtafutia mnyama huyu joto. Mfugaji wa Sinza au Mbagala ana shughuli nyingine: joto analipata bure karibu mwaka mzima, lakini unyevunyevu wa pwani, ambao mara nyingi hupita asilimia 70, ndio unaomdhuru mjusi ambaye asili yake ni nyika kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Tangi lake linapaswa kuwa na unyevunyevu wa asilimia 30 hadi 40. Wakati wa masika kiwango hicho hakifikiki bila kiyoyozi, kwa hiyo jitihada zote zielekezwe kwenye kupitisha hewa na kuzuia kitu chochote kisikae kimelowa.

Kwanza mfahamu unayemnunua. Mjusi chui wa kawaida ni wa manjano mwenye madoa meusi, na weusi wa aina ambayo wafugaji huiita Black Night umepatikana kwa kuchagua wazazi wenye rangi iliyokolea kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, kinda wa mjusi wa kawaida naye huzaliwa na mikanda mipana myeusi, ambayo hukatikakatika na kugeuka madoa kadiri anavyokua. Muuzaji anayekuapia kwamba kinda huyo atabaki mweusi, mwombe akuonyeshe wazazi, na mwombe pia vibali vya kumwingiza mnyama nchini. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa 45 linamtosha mjusi mmoja, naye akae peke yake, maana madume wawili hujeruhiana. Fundi wa vioo na alumini anaweza kulitengeneza kwa vipimo vyako. Mwagize aweke wavu juu na kipande kingine cha wavu chini ubavuni, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Sakafuni weka vigae, si mchanga, kwa sababu mchanga ukimezwa pamoja na chakula unaweza kuziba utumbo, na hapa kwetu unashika unyevu. Maficho hayana gharama: kifuu kikubwa cha nazi kilichokatwa mlango kinatosha, mradi uweke kimoja upande wa joto na kingine upande wa ubaridi.

Upande wa joto uwe na nyuzi 30 hadi 32, na ule mwingine 24 hadi 26. Januari na Februari, chumba cha bati kisicho na dari kinaweza kupita viwango hivyo pande zote mbili, na hapo mhamishie mjusi kwenye chumba chenye hewa zaidi. Tangi lisipigwe na jua hata kwa dakika chache, kwa kuwa kioo hufungia joto ndani na mwili mweusi hulinyonya haraka. Usiku wa Julai ndio unaohitaji pedi ya joto chini ya upande mmoja, nayo lazima iwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Mjusi huyu hulalia joto kwa tumbo, na pedi isiyodhibitiwa humchoma taratibu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kuungua hauonekani upesi. Mgeuze kidogo kila wiki, ummulike tumbo kwa tochi.

Pamoja na ukavu wote huo, anahitaji mahali pamoja penye unyevu ili ajivue gamba vizuri. Chukua kopo la siagi, litoboe mlango, utie ndani tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa, na uibadilishe kila baada ya siku mbili kabla haijaota ukungu. Rangi yake ikififia na kuwa kama ya majivu, anakaribia kujivua. Wangu aliwahi kubakiza gamba kwenye vidole vitatu, likionekana kama pete nyeupe. Nilimweka katika maji ya uvuguvugu yaliyofika magotini mwake kwa robo saa, kisha nikalisukuma kwa kijiti cha pamba bila kulivuta. Pete kama hizo zikiachwa hukaba damu, na kidole hukatika.

Chakula chake ni wadudu hai, nao wapewe magharibi, anapoamka. Kinda hula kila siku, na mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki; nyenje asizidi upana wa kichwa cha mjusi. Mende wa jikoni asipewe kamwe, kwa kuwa huenda amepuliziwa dawa, na vimulimuli ni sumu kwake. Wadudu wanyunyizie unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, la sivyo mifupa italegea na miguu itapinda. Usijaribu kutumia DCP, unga wa madini wa chakula cha mifugo unaouzwa duka la mifugo, kwani ina fosforasi nyingi. Miguu ya meza ya tangi isimamishe ndani ya makopo ya maji, kama tulivyokuwa tukifanya kwa makabati ya chakula, ili sisimizi wasipande.

Waandae pia wanaoishi nawe. Nyumba nyingi za pwani zina desturi ya kumuua mjusi kafiri kwa sababu ya kisa kwamba aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim, na ndala haiulizi aina. Waonyeshe kwamba huyu ana kope na kwamba hawezi kupanda ukuta, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, kwa kuwa reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Mkia wake ndio ghala la mafuta. Ukisinyaa huku uzito ukishuka, au akipumua kwa mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, hata ikibidi kufika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Msafirishe alfajiri, katika boksi lenye matundu lililotandikwa tishu kavu.